Kigeu Ndani ya Kitenzi: Uhakiki wa Lengo, Vigeu na Nadharia Tete katika Jaribio la Loftus na Palmer la 1974

Utangulizi

Makala ya Elizabeth Loftus na John Palmer ya mwaka 1974 ina kurasa tano tu, lakini ni nadra kukuta kitabu cha utangulizi wa saikolojia kisichoitaja. Walimu wa mbinu za utafiti huipenda kwa sababu inaonekana kuwa na kila kitu ambacho mwanafunzi anapaswa kukifahamu kuhusu jaribio: lengo linaloeleweka, kigeu huru kimoja, kigeu tegemezi kinachopimika kwa namba, na matokeo yanayoelekea upande mmoja. Neno moja limebadilishwa katika swali, na jibu la mtazamaji limebadilika.

Uhakiki huu unadai kwamba wepesi huo unadanganya. Kigeu huru cha jaribio hili kimo ndani ya vitenzi vya lugha moja mahususi, na vitenzi hivyo vimebeba mambo mengi kuliko yale yanayotajwa na lengo. Mtafiti anayelileta jaribio hili katika Kiswahili kwa kuitafsiri hojaji, kisha akanakili lengo, vigeu na nadharia tete kama vilivyo, hajarudia jaribio la awali. Ametunga jaribio jingine ambalo hajalieleza. Tasnifu ya namna hiyo inaweza kuwa na Sura ya Kwanza iliyokamilika kwa kila kipengele kinachodaiwa na mwongozo wa chuo, na bado ikawa haina kigeu.

Ni vyema istilahi ziwekwe wazi mapema. Hapa "kigeu" kinatumika kwa maana ya jambo ambalo thamani yake hubadilika au hubadilishwa na mtafiti. Baadhi ya waandishi hutumia "kigezo" kwa maana hiyohiyo. Tunaona matumizi hayo yanapotosha, kwa kuwa kigezo ni kipimo cha kufanyia uamuzi, nacho hutakiwa kisimame imara, ilhali kigeu kisipobadilika hakina kazi. "Nadharia tete" ni kauli inayotabiri uhusiano kati ya vigeu, na ambayo data zinaweza kuikanusha. Sehemu hiyo ya mwisho ya fasili ndiyo inayosahauliwa mara nyingi.

Jaribio lenyewe

Katika jaribio la kwanza, wanafunzi 45 walioneshwa filamu fupi saba za ajali za barabarani, kila moja ikidumu kati ya sekunde 5 na 30. Baada ya kila filamu walijaza hojaji. Kwanza walieleza kwa maneno yao ajali waliyoiona, kisha wakajibu maswali kadhaa, na swali moja kati ya hayo ndilo lililolengwa: magari yalikuwa yakienda kwa mwendo gani yalipogongana? Watafitiwa waligawanywa katika makundi matano ya watu tisa tisa, na kila kundi lilipewa swali hilo kwa kitenzi chake. Wastani wa makadirio ulikuwa maili 40.8 kwa saa kwa kitenzi "smashed", 39.3 kwa "collided", 38.1 kwa "bumped", 34.0 kwa "hit" na 31.8 kwa "contacted". Tofauti kati ya kitenzi cha kwanza na cha mwisho ni maili tisa, yaani kilometa 14 na nusu hivi kwa saa.

Jaribio la pili lilikuwa na watafitiwa 150, makundi matatu ya watu 50. Wote walitazama filamu moja isiyofika dakika moja, yenye ajali isiyofika sekunde nne. Kundi moja liliulizwa kuhusu mwendo kwa kitenzi "smashed", la pili kwa kitenzi "hit", na la tatu, ambalo ni kundi dhibiti, halikuulizwa kuhusu mwendo. Baada ya wiki moja walirudi, wakaulizwa kama waliona vioo vyovyote vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Waliojibu kwamba waliona walikuwa 16 katika kundi la kwanza, 7 katika la pili na 6 katika kundi dhibiti.

Lengo pana, kigeu chembamba

Waandishi wanaeleza kwamba walikusudia kuchunguza kigeu kimoja kinachoweza kuathiri makadirio ya mwendo, yaani namna swali lilivyotungwa. Hilo ndilo lengo. Lakini utungaji wa swali ni uwanja mpana. Unahusisha mpangilio wa maneno, ukanushi, uchaguzi wa kiima, kiimbo cha mwulizaji, nafasi ya swali katika hojaji, na mengine mengi. Kilichobadilishwa ni kitenzi kimoja chenye thamani tano. Kati ya lengo na kigeu pana pengo, na msomaji ndiye anayelivuka kwa niaba ya waandishi.

Pengo hilo lilikwisha kupewa jina katika jarida lilelile lililoichapisha makala hii. Mwaka 1973, Herbert Clark alionya kwamba watafiti wa lugha huchagua maneno machache, hupata tofauti yenye maana kitakwimu, kisha hutangaza kwamba wamegundua jambo kuhusu lugha kwa jumla, ilhali takwimu zao zinayahusu maneno yaleyale waliyoyachagua. Loftus na Palmer hawakulipuuza onyo hilo kabisa. Katika uchanganuzi wao, watafitiwa na filamu vilichukuliwa kuwa sampuli nasibu, kwa hiyo matokeo yanaweza kuwahusu watu wengine na ajali nyingine. Maswali, hata hivyo, yalichukuliwa kuwa yasiyobadilika. Kwa mujibu wa takwimu zao wenyewe, matokeo ni ya vitenzi vile vitano. Hatuwalaumu kwa hilo, kwani thamani za kigeu kinachodhibitiwa na mtafiti huchukuliwa hivyo kwa kawaida. Tatizo linaanza pale ambapo matini ya kufundishia inaandika kwamba "lugha huathiri kumbukumbu", na mtahiniwa akaichukua kauli hiyo kuwa matokeo yaliyothibitishwa.

Liko jambo jingine. Vitenzi vitano vimepangwa katika jedwali kuanzia chenye makadirio makubwa hadi chenye makadirio madogo, na wasomaji wengi huuchukua mpangilio huo kuwa ngazi ya ukali wa vitenzi. Ngazi hiyo imetokana na matokeo. Hakuna kipimo huru kilichotolewa kuonesha kwamba, kabla ya jaribio, "bumped" kilikuwa na ukali zaidi ya "hit". Mtu akisema vitenzi vikali huzaa makadirio makubwa, kisha akautambua ukali wa kitenzi kwa ukubwa wa makadirio, amezunguka duara na kurudi alikoanzia. Kauli ya aina hiyo haikanushiki. Zaidi ya hayo, "contacted" si kitenzi ambacho mzungumzaji wa Kiingereza hukitumia kwa kawaida anapoeleza ajali ya magari. Ugeni wake peke yake unaweza kuwa ulimfanya mtafitiwa asite na kukadiria mwendo mdogo. Ugeni ni kigeu kingine, nacho kimejipenyeza chini ya jina la ukali.

Kigeu tegemezi ambacho hakikusikia mwendo

Sehemu ya makala inayostahili kusomwa kwa makini zaidi ndiyo inayonukuliwa kwa nadra zaidi. Filamu nne kati ya zile saba zilikuwa za ajali zilizopangwa, hivyo mwendo halisi ulijulikana. Ajali moja ilitokea kwa maili 20 kwa saa, moja kwa maili 30, na mbili kwa maili 40. Wastani wa makadirio kwa filamu hizo ulikuwa, kwa mfuatano huo, 37.7, 36.2, 39.7 na 36.1. Mwendo halisi uliongezeka maradufu, na makadirio karibu hayakusogea.

Waandishi wanalitumia jambo hili kuonesha kwamba binadamu si hodari wa kukadiria mwendo wa magari. Ni kweli, lakini athari yake kwa jaribio ni nzito kuliko hapo. Kigeu tegemezi kinadaiwa kupima kumbukumbu ya mwendo. Ikiwa kipimo hakibadiliki mwendo unapobadilika, tunayo sababu ya kuuliza kama kinapima kumbukumbu ya mwendo kwa namna yoyote. Yumkini watafitiwa hawakuwa na kumbukumbu hiyo tangu mwanzo. Waliulizwa namba wasiyokuwa nayo, na kitenzi ndicho kilichokuwa karibu kuwasaidia kuibuni. Kwa usomaji huo, jaribio linaonesha kwamba lugha hujaza pale ambapo kumbukumbu ni tupu. Hayo ni matokeo ya maana, lakini ni tofauti na kudai kwamba lugha hugeuza kumbukumbu iliyokuwapo. Mtahiniwa anayeandika nadharia tete ya aina ya pili kwa kutegemea data za aina ya kwanza ameikosea mantiki ya utafiti wake kabla hajaingia uwandani.

Nadharia tete mbili na jaribio moja

Vitabu vya kufundishia hulipa jaribio la kwanza nadharia tete iliyoandikwa kwa ukamilifu, kana kwamba waandishi waliitangulia data kwa utabiri rasmi. Katika makala yenyewe, mjadala wenye uzito unakuja baada ya matokeo, pale waandishi wanapokiri kwamba matokeo yanaweza kufasiriwa kwa njia mbili. Huenda mtafitiwa alikuwa na shaka kati ya namba mbili, na kitenzi kikamsukuma kuchagua iliyo kubwa pasipo kumbukumbu kuguswa. Huenda pia kitenzi kilibadilisha picha aliyokuwa nayo akilini. Jaribio la kwanza haliwezi kuzitenganisha njia hizi, nao wanalisema hilo bila kuficha. Jaribio la pili likabuniwa kwa kazi hiyo.

Hapa ndipo tunapoona ubora wa makala, na ndipo wanafunzi wetu wangepaswa kuelekezwa. Nadharia tete nzuri ni ile inayotabiri jambo ambalo nadharia tete shindani hailitabiri. Ikiwa kitenzi kinaegemeza jibu tu, hakuna sababu ya mtu kuona vioo visivyokuwapo wiki moja baadaye. Ikiwa kimebadilisha picha ya ajali, vioo ni sehemu ya picha hiyo mpya. Majibu ya kundi la "hit" na ya kundi dhibiti yanakaribiana sana, saba na sita, jambo linaloonesha kwamba kuulizwa kuhusu mwendo peke yake hakukutosha kuzua vioo. Tasnifu nyingi zina nadharia tete sifuri na nadharia tete mbadala zilizoandikwa kwa kuongeza na kuondoa neno "hakuna". Nadharia tete shindani, yaani maelezo mengine ya matokeo yaleyale, hazimo. Sifuri si mshindani. Ni nadra sana kwa mtafiti kuamini kwa dhati kwamba hakuna tofauti yoyote.

Hata hivyo, jaribio la pili nalo linaacha mlango wazi. Waandishi walilinganisha watafitiwa waliotoa makadirio ya mwendo yanayokaribiana, wakakuta kwamba wa kundi la "smashed" bado walielekea zaidi kusema waliona vioo. Maana yake ni kwamba kitenzi kilipitisha kitu kingine mbali na mwendo. Kitu hicho, kwa maoni yetu, ni matokeo ya tukio: kitenzi hiki cha Kiingereza kinaeleza mgongano na uharibifu kwa pamoja. Mtu aliyeambiwa magari yalipondana amekwisha kuambiwa kwamba kuna vitu vilivyovunjika. Akisema wiki moja baadaye kwamba aliona vioo, huenda anatoa hitimisho kutokana na alichoambiwa. Basi kigeu kilichoitwa ukali wa kitenzi kilikuwa angalau vigeu viwili, mwendo na uharibifu, vilivyofungwa ndani ya neno moja.

Kitenzi cha Kiswahili

Tukija kwenye Kiswahili, mtafsiri wa hojaji anaanza na "gongana", ambacho hakina shida. Baada ya hapo kila chaguo linaleta mzigo wake. "Vaana", kama kinavyotumika katika habari za ajali, humfanya msikilizaji aone magari uso kwa uso, kimebeba mwelekeo. "Kwaruzana" kinaeleza namna ya kugusana, ubavu kwa ubavu, na kinaweza kutokea kwa mwendo wowote. "Pondana" kinaeleza matokeo. "Bamizana" kina nguvu, lakini si mwelekeo. "Gusana" ni neno la kawaida kabisa, tofauti na "contacted", kwa hiyo ugeni tulioutaja haupo. Orodha ya vitenzi hivi ikiwekwa katika jedwali chini ya kichwa "kigeu huru: ukali wa kitenzi" itakuwa imeficha vigeu vinne. Matokeo yakitofautiana na ya 1974, mtafiti hatajua kama ni kwa sababu ya utamaduni, watafitiwa, au "vaana". Yakifanana, hatajua pia.

Swali lenyewe lina mtego wake. "Magari yalikuwa na kasi gani?" na "magari yalikuwa yakienda kwa mwendo gani?" yanaonekana kuulizia namba ileile, lakini "kasi" tayari inaegemea upande wa haraka. Vilevile mnyambuliko wa kutendana unagawanya tendo kwa pande zote mbili. "Magari yalipogongana" haimlaumu mtu. "Gari jeupe lilipoligonga gari jekundu" limekwisha kumpata mkosaji.

Kiswahili kinatoa pia nafasi ambayo jaribio la Kiingereza halikuitumia. Mtafiti anaweza kukiacha kitenzi kimoja na kubadilisha ukali peke yake: "yalipogongana kidogo", "yalipogongana", "yalipogongana vikali". Katika mahojiano ya ana kwa ana anaweza hata kutumia tanakali sauti, "yalipogongana puu", ingawa katika hojaji ya maandishi tanakali itasomeka kama mzaha. Kwa njia hii mzizi haubadiliki, mwelekeo haubadiliki, na ngazi ya ukali inajulikana kabla ya data. Ni kigeu safi kuliko kile cha 1974, na hakuhitajika tafsiri kukipata.

Kioo kilichotajwa kana kwamba kipo

Mwaka mmoja baada ya makala tunayoihakiki, Loftus na Guido Zanni walichapisha jaribio jingine lililotumia kigeu kidogo zaidi, yaani vibainishi vya Kiingereza vinavyotofautisha kitu kisichojulikana na kitu ambacho mwulizaji anachukulia kuwa kipo. Waliosikia swali lenye kidokezo kwamba taa iliyovunjika ilikuwapo walielekea zaidi kudai kwamba waliiona, hata pale isipokuwapo. Kiswahili hakina vibainishi vya aina hiyo, na kwa haraka mtu angesema kwamba jaribio hili halihamishiki.

Tofauti hiyo ipo, ila imekaa mahali pengine. "Je, uliona kioo kilichovunjika?" ni swali wazi. "Je, ulikiona kioo kilichovunjika?" linachukulia kwamba kioo kipo na kinajulikana, kilichobaki ni kama msikilizaji alikitazama. Kazi yote imefanywa na kiambishi "-ki-" cha yambwa. Mtafiti atakayeandaa maswali ya namna hii atapaswa kuchagua ngeli kwa makini. Katika "uliona taa" na "uliiona taa" tofauti ni irabu moja, na sikio linaweza kuikosa. Na yambwa ikiwa ni mtu, nafasi hiyo hutoweka. Tunasema "ulimwona mtu akikimbia?" hata kama mtu huyo hajulikani na huenda hakuwapo, kwa sababu viumbe hai huandamana na kiambishi hicho kwa kawaida. Kigeu kinachodhibitika kwa vioo hakidhibitiki kwa watuhumiwa. Hakuna tafsiri ya hojaji ya Kiingereza itakayomwonesha mtafiti jambo hili, kwa kuwa katika Kiingereza kioo na mtu hutumia vibainishi vilevile.

Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kabla ya hapo, nje ya Mahakama za Mwanzo, shahidi aliweza kuulizwa na kujibu kwa Kiswahili huku kumbukumbu za shauri zikiandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya ushahidi inamzuia wakili kumwuliza shahidi wake mwenyewe maswali elekezi pasipo ruhusa ya mahakama, na inayaruhusu upande wa pili unapomhoji. Lakini hakuna wakili atakayesimama kupinga silabi moja ya yambwa, na katika kumbukumbu za Kiingereza silabi hiyo haikuweza hata kuonekana. Mtafiti anayetaka kutumia majalada ya zamani kama data za athari ya maswali atakuwa na majibu ya mashahidi bila maswali waliyoulizwa, yaani kigeu tegemezi bila kigeu huru. Majalada yanayoandikwa kwa Kiswahili yanampa nafasi bora zaidi, alimradi swali lenyewe liandikwe neno kwa neno pamoja na jibu.

Linabaki suala la nani aipime ngazi ya ukali kabla ya jaribio. Wasemaji wa Kiswahili hawavipi vitenzi uzito mmoja kila mahali. "Kumbana" na "vaana" vinaweza kupokewa kwa namna moja Mombasa na kwa namna nyingine Dodoma, na mtafitiwa ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili anaweza kuvipima kwa kufuata vitenzi vya lugha yake ya kwanza. Upimaji wa awali ufanywe na watu wa eneo lilelile watakakotoka watafitiwa, ambao hawatashiriki katika jaribio lenyewe, na matokeo yake yawekwe katika sura ya mbinu, kabla ya nadharia tete kuandikwa kwa umbo lake la mwisho.